Sura ya Saba: Hodi Isiyojibiwa

Fungua poti moja kwenye ruta ya nyumbani leo jioni, usimwambie mtu yeyote, kisha ukalale. Kukicha itakuwa imekwisha kubishiwa hodi na mashine za watu usiowajua, kutoka nchi ambazo huenda hutazikanyaga maisha yako yote. Si kwamba kuna anayekutafuta. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, zile za IPv4, ni bilioni nne na kitu, idadi inayotisha ukiitamka lakini ndogo kwa kompyuta. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kuwa kompyuta moja tu yenye laini ya kasi inaweza kuipitia poti fulani kwenye anwani zote za dunia kwa chini ya dakika 45. Kabla ya hapo, mwaka 2009, John Matherly alikuwa ameshazindua Shodan, mtambo wa utafutaji ambao haukusanyi kurasa za tovuti bali vifaa vyenyewe: kamera, ruta, vidhibiti vya pampu, mashine za kurekodi CCTV. Unaandika aina ya kamera, unaletewa orodha kwa nchi na kwa mji.

Kwa hiyo swali ambalo wenye nyumba hupenda kuliuliza, "Nani atahangaika kunitafuta mimi huku Mbagala?", lina jibu lisilopendeza. Hakuna anayehangaika. Mashine inapita mlango kwa mlango dunia nzima, na Mbagala imo.

Vitabu na mafundi wengi wakifika kwenye mada hii huanza na nywila: iwe ndefu, iwe na namba, isiwe jina la mtoto. Ushauri mzuri, lakini umeanza katikati. Nywila ni mazungumzo na mtu ambaye tayari amefika kibarazani. La kujiuliza kwanza ni nani hasa anaweza kufika hapo, na je, akibisha, kuna sababu yoyote ya nyumba kumjibu?

Haja yenyewe ya kuifikia nyumba kutoka mbali ni ya kweli, sitaibeza. Kuna anayetaka kujua kama tangi limejaa kabla maji ya mgawo hayajakatika, awashe pampu akiwa ofisini. Kuna anayetaka kuona kama inveta imeshika umeme ulipoondoka na betri zimebaki na kiasi gani. Kuna aliyeko Muscat au Minneapolis anayejenga Kigamboni au Kilifi, naye anataka kuona kwa macho yake mifuko ya saruji aliyotumia fedha zake kuinunua. Wote hawa wanahitaji njia ya kuingia ndani. Hoja iko kwenye aina ya njia.

Ruta uliyofungiwa na kampuni ya intaneti huvipa vifaa vya ndani anwani za ndani, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168. Anwani hizo hazina maana nje ya ukuta wako; mamilioni ya nyumba zinatumia zilezile. Nje mnaonekana nyote kama anwani moja. Kifaa cha ndani kikianzisha mazungumzo na nje, ruta hukumbuka ni kipi kilichoanza na kukirudishia majibu yake. Mgeni wa nje akianza yeye, ruta haijui impeleke kwa nani, basi inamwacha nje. Utaratibu huu haukubuniwa uwe mlinzi. Ulibuniwa kwa sababu anwani zilikuwa zinaelekea kwisha. Hata hivyo umezikinga nyumba nyingi ambazo wenyewe hawajui kwamba wamekingwa.

Kinga hiyo huvunjwa kwa nia njema. Fundi wa kamera anamaliza kufunga, mwenye nyumba anasema anataka kuziona akiwa safarini, na fundi anaingia kwenye ruta na kuielekeza poti: yeyote wa nje atakayegonga namba fulani apelekwe moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi. Inachukua dakika chache, inafanya kazi papo hapo, kila mtu anafurahi. Wakati mwingine hata fundi hahitajiki. Ruta nyingi zina huduma iitwayo UPnP, ambayo huruhusu kifaa chochote cha ndani kuiomba ruta ikifungulie poti, na ruta inakubali bila kumuuliza mwenye nyumba. Ukitoka na jambo moja tu kwenye sura hii, liwe hili: ingia kwenye ruta yako, itafute hiyo UPnP, uizime.

Gharama ya poti hizo ilijulikana mwaka 2016. Vijana watatu wa Kimarekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, waliandika programu waliyoiita Mirai. Haikuwa na ujanja wa ajabu. Iligonga anwani za intaneti ovyo ovyo kwenye poti 23 na 2323, ambazo ni za Telnet, njia ya kale ya kuendesha kompyuta kutoka mbali bila kuficha chochote kinachosemwa. Ikijibiwa, ilijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60: admin na admin, root na 123456, na nyingine za namna hiyo. Kifaa kikifunguka kilisajiliwa jeshini, nacho kikaanza kugonga vingine. Wengi wa askari wa jeshi hilo walikuwa kamera, ruta na mashine za kurekodi CCTV.

Katika orodha ile kulikuwa na jozi moja inayostahili kutazamwa kwa makini: root na xc3511. Hiyo ilikuwa nywila ya mashine za kurekodi zilizotengenezwa kwa vipuri vya kampuni ya XiongMai ya China, na ilikuwa imechomelewa ndani ya programu ya kifaa chenyewe. Mwenye nyumba mwangalifu angeweza kubadili nywila kwenye ukurasa wa mipangilio, akaandika ndefu yenye alama zote, na asiwe amegusa kitu. Nywila aliyoibadilisha ilikuwa ya ukurasa. Ya Telnet ilibaki palepale, na hapakuwa na mahali pa kuibadilishia. Mtu huyu alifanya kila alichoambiwa kuhusu nywila. Kilichomponza ni kwamba mgeni aliweza kubisha.

Watengenezaji wa Mirai walikuwa na tamaa ndogo mwanzoni: walitaka kuangusha seva za mchezo wa Minecraft za washindani wao. Mnamo Septemba 2016 jeshi lao liliizima tovuti ya mwandishi wa habari za usalama Brian Krebs kwa mafuriko ya takriban gigabiti 620 kwa sekunde. Mwisho wa mwezi huo wakauachia msimbo wao hadharani, na watu wengine wakauokota. Tarehe 21 Oktoba, Ijumaa, mafuriko kama hayo yaliielekea kampuni ya Dyn, ambayo kazi yake ilikuwa kuzielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti kubwa. Twitter, Netflix, Spotify na Reddit zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watu wengi, hasa mashariki mwa Marekani. Afrika haikubaki mtazamaji. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, aliyekuwa akilipwa na mtu wa kampuni shindani, alitumia jeshi la aina hiyohiyo kuivuruga kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, na mwaka 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32. Kamera ya sebuleni kwa mtu ilikuwa inashiriki kuzima intaneti ya nchi nyingine huku mwenyewe akiitazama kwenye simu na kuona picha safi kabisa.

Mwathirika wa kamera iliyovamiwa, basi, mara nyingi si mwenye kamera. Kinachomgusa mwenyewe ni pale mvamizi anapokuwa na hamu ya kutazama.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki kuna habari nyingine, ya kero iliyogeuka neema. Kampuni nyingi za simu, na baadhi ya kampuni za faiba, hazimpi mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti. Zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa utaratibu uleule wa ruta yako lakini kwa kiwango cha kampuni. Mwaka 2012 lilitengwa hata kundi maalumu la anwani kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ingia kwenye ruta yako utazame anwani yake ya upande wa nje. Ikiwa ndani ya kundi hilo, au haifanani na ile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia anwani, uko nyuma ya ukuta wa kampuni, na fundi anaweza kuelekeza poti mpaka jua lizame bila mgeni yeyote kufika. Watu hulipia anwani ya kudumu ili kuondokana na "tatizo" hili. Ningewashauri wasikimbilie. Njia nzuri za kuingia nyumbani, nitakazozieleza hapa chini, nyingi hazihitaji anwani hiyo. Tahadhari moja: kampuni ikikupa IPv6, yaani anwani za mtindo mpya, kila kifaa chako kinaweza kuwa na anwani yake inayofikika dunia nzima, na hapo usalama wako wote unategemea kinga iliyo ndani ya ruta. Hakikisha imewashwa.

Njia ambayo wengi wanaitumia bila hata kuijua ni ile ya seva ya mtengenezaji. Balbu au kamera, ikishaunganishwa na Wi-Fi, yenyewe inatoka nje na kuipigia seva ya kampuni, na simu yako nayo inaipigia seva hiyohiyo, mnakutana huko. Hakuna poti iliyofunguliwa kwako. Mashine zinazopita mlango kwa mlango hazikuoni. Kwa upande huo ni salama kuliko kazi ya fundi niliyoisimulia, na sioni aibu kusema hivyo ingawa wapenzi wa mitambo ya kujifungia wenyewe huchukia kusikia.

Lakini sasa anayebishiwa hodi ni kampuni, naye ndiye anayeamua nani aingie kwako. Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, mtu alizungumza kupitia kamera ya Ring iliyokuwa chumbani mwa mtoto wa miaka minane na kumwambia yeye ni Santa Claus. Ring ilisema mifumo yake haikuvunjwa. Katika visa vya aina ile wavamizi walitumia nywila zilizovuja kwenye tovuti nyingine ambazo wateja walizirudia. Miezi miwili baadaye kampuni ikafanya uthibitisho wa hatua mbili kuwa lazima kwa kila mteja. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni hiyohiyo kwamba iliwaachia wafanyakazi na wakandarasi wake kutazama video za faragha za wateja; shauri likamalizwa kwa malipo ya dola milioni 5.8. Februari 2024 seva za kampuni ya Wyze zilizimika, na zilipokuwa zinarudi, wateja wapatao 13,000 walionyeshwa picha ndogo kutoka kamera za nyumba zisizo zao. Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Seva ilichanganya tu nani ni nani.

Kisha kuna hatari isiyo ya wizi. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya Marekani ya swichi na vidhibiti vya taa, zilizimwa bila taarifa. Watu waliamka programu ya simu haifanyi kazi na hakuna wa kumpigia. Baadaye kikundi cha wateja kiliinunua kampuni na kuziwasha tena, mwisho mwema usio wa kawaida. Ukinunua kifaa ambacho hakiwezi kuwashwa ukiwa sebuleni kwako mpaka kwanza kiulize ng'ambo, umenunua pia uhai wa kampuni usiyoijua.

Hukumu yangu ni hii. Mama mwenye kamera moja getini na balbu mbili, atumie seva ya mtengenezaji anayejulikana, aweke nywila isiyotumika popote pengine, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na aishi maisha yake. Anayefunga vitasa vya milango, geti, kamera za ndani, pampu na umeme wa jua kwenye mfumo mmoja, huyo asikabidhi vyote kwa mtu wa mbali. Awe na ubongo wa nyumba ulioko ndani ya nyumba.

Ubongo unaopendwa zaidi kwa sasa ni Home Assistant, programu huria aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Inakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inazungumza na vifaa vya kampuni nyingi, na inafanya kazi hata intaneti ikikatika. Ukiwa ndani unaifungua kwa poti 8123. Ukiwa nje, wengi hufanya hivi: wanajipatia jina la intaneti, wanachukua cheti cha bure cha Let's Encrypt ili mazungumzo yafichwe njiani, wanafungua poti, na wanategemea ukurasa wa kuingilia. Huu si upuuzi kama Telnet. Usimbaji ni wa kweli, nywila ni yao, hatua mbili zipo. Ila wapo wanaodhani jina lao ni siri kwa sababu hawajampa mtu. Kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na ziko mashine zinazolisoma muda wote. Jina lenye maneno "nyumba" na "home" ndani yake linatangazwa siku lilipozaliwa.

Na ukurasa wa kuingilia nao ni programu, na programu zina makosa. Machi 2023 watengenezaji wa Home Assistant walitangaza kosa lililopewa alama 10 kati ya 10 za hatari: mtu wa nje, bila nywila yoyote, aliweza kuupita ukaguzi na kufikia sehemu iitwayo Supervisor, inayosimamia mfumo wote. Kosa hilo lilikuwamo tangu Supervisor ilipoanzishwa mwaka 2017. Watengenezaji walifanya kazi safi: marekebisho yalitumwa yenyewe kwa wengi kabla ya tangazo. Hata hivyo fikiria maana yake. Kwa takriban miaka sita, nywila ya herufi 30 na uthibitisho wa hatua mbili havikuwa na uzito wowote mbele ya mtu aliyelijua kosa lile, mradi tu angeweza kuufikia ukurasa. Ambao ukurasa wao haukufikika kutoka nje walisoma habari hiyo wakiwa na chai mkononi.

Hapo ndipo inapoingia VPN ya nyumbani, njia iliyosimbwa inayoifanya simu iliyo mbali iwe kama imo ndani ya mtandao wa nyumba, na kati ya zote nitaisimulia moja, WireGuard, kwa kuwa tabia yake inalingana kabisa na ninachokitetea. Iliandikwa na Jason Donenfeld, na Machi 2020 ikaingizwa rasmi ndani ya Linux, toleo la 5.6. Msimbo wake wa awali ulikuwa mistari kama 4,000, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye subira anaweza kukisoma chote. VPN za kizazi kilichotangulia zilikuwa na mistari mara nyingi zaidi ya hiyo. Haina jina la mtumiaji wala nywila. Kila kifaa kina funguo mbili, mmoja wa siri usiotoka kwenye kifaa na mmoja wa wazi unaopewa vifaa vingine. Nyumba inao ufunguo wa wazi wa simu yako, simu inao wa nyumba, basi.

Uzuri wake mkubwa ni ukimya. Kwa desturi zetu, mgeni akibisha hodi mara tatu bila jibu anaondoka, akijua pengine hakuna mtu. WireGuard inamfanyia hivyo kila asiyejulikana. Ujumbe ukifika bila alama ya ufunguo inaoutambua, haijibu "umekosea", haijibu "ingiza nywila", haijibu kitu. Kwa mashine inayopita, poti hiyo haina tofauti na poti ambayo haipo. Haioni ukurasa wa kuingilia wa kuuchunguza, wala jina la programu la kwenda kulitafutia makosa. Simu yako ikifika, mlango unafunguka, na kuanzia hapo simu imo ndani ya nyumba: unafungua Home Assistant kwa anwani ileile ya ndani, kamera kwa anwani zake zilezile, kana kwamba umekaa kwenye kochi.

Kuifunga si kazi ngumu. Ruta kadhaa za kisasa zinayo tayari, na Home Assistant ina nyongeza yake. Upande wa simu unapiga picha msimbo wa QR na umemaliza. Mambo machache ndiyo huwakwaza watu. La kwanza, ukiacha nyumba yako itumie 192.168.1, siku moja utakuwa hotelini au ofisini ambako nako wanatumia 192.168.1, na simu haitajua kamera ya 192.168.1.20 ni ya hapa au ya kwako. Badili ya nyumbani iwe namba isiyo ya kawaida, 192.168.47 kwa mfano, kabla hujafunga vifaa vingi. La pili, kwenye mipangilio ya simu, taja kwamba mazungumzo ya kwenda nyumbani tu ndiyo yapite kwenye VPN. Ukiacha kila kitu kipite, video unazotazama barabarani zitazungukia kwanza nyumbani kwako, na bando la nyumbani litaisha nawe ukiwa hupo. La tatu ni kwamba WireGuard inahitaji upande mmoja uwe na anwani inayofikika, na nimekwisha kusema kwamba wengi wetu hatuna.

Kwa hao kuna njia mbili. Mwenye ujuzi kidogo anakodi seva ndogo ya mtandaoni kwa bei ya soda kadhaa kwa mwezi. Nyumba inatoka yenyewe kwenda kwenye seva hiyo, simu inakwenda hukohuko, na seva inapitisha. Nyumba iambiwe itume ujumbe mdogo kila baada ya sekunde 25, la sivyo ruta za njiani zitasahau kwamba kuna mazungumzo na kuyakata. Asiyetaka kazi hiyo anatumia huduma kama Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard. Inavisaidia vifaa viwili vilivyo nyuma ya kuta kukutana, na vikishindwa kabisa inavipitishia ujumbe kupitia seva zake bila yenyewe kuweza kuusoma. Unamwamini mtu wa kati hapo? Ndiyo, kwa jambo moja: kusema vifaa vipi ni vya familia yako. Kwa hiyo akaunti unayoingilia huko, ambayo kwa wengi ni ya barua pepe, ndiyo sasa ufunguo wa nyumba, na uthibitisho wa hatua mbili juu yake si hiari. Wapo pia wanaolipia huduma ya Nabu Casa, kampuni iliyoundwa mwaka 2018 na waanzilishi wa Home Assistant. Nyumba inatoka yenyewe, usimbaji unaanzia nyumbani na kuishia kwenye simu, na fedha inasaidia mradi. Ni njia nzuri na nyepesi, ila kumbuka ukurasa wa kuingilia bado unafikika kwa yeyote mwenye anwani yake ndefu.

Kufika nyumbani salama hakutoshi kama ndani hakuna mpangilio. Kamera za bei nafuu nisingeziruhusu kutoka nje kabisa. Ziwekwe kwenye mtandao wao, zizungumze na mashine ya kurekodi tu, nawe uzione kwa kupitia VPN. Ruta zenye mtandao wa wageni zinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo hata kwa mtu asiye fundi. Na ruta yenyewe iwekwe kwenye betri ndogo pamoja na ule ubongo wa nyumba, kwa sababu saa ambayo utataka sana kujua kinachoendelea nyumbani ni ileile umeme ulipokatika.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna VPN itakayokukinga nacho. Novemba 2016, mji wa Lappeenranta nchini Finland, majengo mawili ya makazi yalikosa joto kwa sababu vidhibiti vya kupashia joto vilikuwa wazi kwenye intaneti vikapigwa na mafuriko ya ujumbe. Vilijizima na kujiwasha mfululizo, na kila vilipojiwasha vilianza upya bila kufikia kupasha joto. Hakuna aliyeingia ndani. Kelele za kibarazani zilitosha. Fundi anayejenga mfumo wa pampu ajiulize vivyo hivyo: intaneti ikikatika pampu ikiwa inaendeshwa kutoka mbali, nani ataizima? Jibu liwe kifaa cha palepale, boya ndani ya tangi linalokata umeme maji yakifika juu, na kinga ya pampu inayokata kisima kikikauka. Amri ya mbali iwe ya kuomba tu. Geti nalo liwe na ufunguo wa mkono, na mlinzi ajue ulipo.

Mwisho ni watu. Kila simu iwe na ufunguo wake. Usisambaze faili moja kwa familia nzima kwenye kundi la WhatsApp, maana siku simu ya kijana ikiibwa Kariakoo itabidi uwabadilishie wote. Kila simu ikiwa na wake, unafuta mstari mmoja kwenye orodha na simu iliyoibwa inageuka mgeni. Ndani ya Home Assistant pia, mtumishi wa nyumbani anahitaji taa na geti, si kumbukumbu za kamera za mwezi mzima. Ndoa zikivunjika mifumo hii hugeuka silaha: taa kuwashwa usiku wa manane, mlango kufungwa na mtu aliyehama, kamera kutazamwa na aliyedhaniwa ameondoka. Anayebaki ndani ana haki ya kuiona orodha nzima ya funguo na kujua namna ya kuzifuta, hata kama siye aliyeufunga mfumo.

Fundi naye apewe ufunguo wake, wenye jina lake kwenye orodha, kwa siku za kazi. Akimaliza na ukamlipa, ufute papo hapo mkiwa mmekaa pamoja. Fundi mzuri hatachukia. Huenda akakuomba umwonyeshe umeufutaje, ili akawafundishe wateja wake wengine.